Sheria na Siku ya Mapumziko

Wengi hudhani kwamba sheria huamuru watu wote wapumzike Jumapili. Sivyo. Amri ya namna hiyo aliitoa Kaisari Konstantino wa Roma mwaka 321; watu wa mijini walipumzika, lakini wakulima waliruhusiwa kulima, maana majira hayamngoji mtu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, humpa mwajiriwa saa 24 za mapumziko kila juma bila kuitaja Jumapili. Akifanya kazi saa hizo, hulipwa maradufu.

Kwetu Goziba wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapong'aa, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki. Lakini mbalamwezi haiji kila juma. Basi, naona yafaa kila kijana atakayeajiriwa aijue haki yake, na kila tajiri aiheshimu.