MTO HUBEBAJE UDONGO?

Ndugu mkulima, kijito kitokacho katika msitu wa Nyandarua huwa na maji maangavu, hata waweza kuona mawe chini yake. Kifuate mpaka katikati ya mashamba ya Murang'a baada ya mvua kubwa, nawe utakuta maji mekundu. Wekundu huo ni udongo. Yafaa tujue unavyosafiri.

Mawe na changarawe ni vitu vizito. Maji huviviringisha chini ya mto. Lakini udongo laini huelea ndani ya maji, kwa sababu maji yaendayo kasi huzunguka-zunguka na kuuinua tena kila utakapo kuzama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo wa mwaka mzima hupita katika siku chache za mafuriko.

Maji yakitulia, mzigo hushuka. Vijito hivi huingia katika mto Tana, na Tana hutulia katika bwawa la Masinga, lililofunguliwa mwaka 1981. Hapo tope hutua na kushika nafasi ya maji yaendeshayo mitambo ya umeme.

Je, msitu huuzuiaje udongo? Pengine wadhani ni matawi. Lakini matone yadondokayo kutoka mti mrefu yaweza kuwa makubwa kuliko ya mvua yenyewe. Kinga iliyo kubwa ni majani makavu yaliyotanda chini, pamoja na vichaka na mizizi. Maji huingia ardhini polepole, wala hayapati nguvu ya kukimbia. Shamba lililo tupu halina kinga hiyo, na udongo wa juu, wenye mbolea, ndio utanguliao kwenda.

Basi fanya hivi:

1. Tandaza mabua na majani makavu katikati ya mimea.
2. Chimba makingamaji yakatayo mteremko, na juu ya tuta panda nyasi za nepia.
3. Usilime mpaka ukingoni mwa mto. Acha nyasi na miti ya kienyeji.

Mvua ijayo, kinga maji yatokayo shambani mwako katika chupa nyeupe, uiache mpaka kesho. Mchanga utashuka kwanza, kisha tope laini. Udongo mfinyanzi waweza kukawia siku kadhaa. Tope utakaloliona chini ya chupa lilikuwa shamba lako.