Utelezi Si Udhuru: Uendeshaji Wakati wa Mvua na Haki ya Abiria

Kila msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, maelezo yaleyale husikika baada ya ajali: barabara ilikuwa na utelezi. Mara nyingi maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayamwondolei dereva wajibu wake. Utelezi ni hali inayoonekana, na dereva makini huirekebishia mwendo wake. Katika somo hili tunaeleza kwa nini barabara yenye maji hudai mwendo mwingine, na abiria afanye nini dereva anapopuuza jambo hilo.

Kikomo cha mwendo si agizo

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, si mwendo ambao dereva ameagizwa kuufikia. Sheria hiyohiyo inakataza kuendesha bila uangalifu. Kwa hiyo dereva anayekwenda kilomita 45 kwa saa mvua ikinyesha, huku watu wakivuka barabara na breki zikishika kwa taabu, anaweza kuwa mzembe ingawa hajavuka kikomo.

Kinachotokea barabara inapolowa

Tuchukue mfano wa Vingunguti. Malori ya viwandani, daladala, bajaji na bodaboda hutumia barabara zilezile kuelekea Barabara ya Nyerere, na vichochoro vya udongo vinaungana na lami. Siku za kiangazi, vumbi, matone ya oili na chembe za mpira wa matairi hujikusanya juu ya lami. Mvua ya kwanza huvichanganya vyote kuwa utando laini kabla haijavisafisha. Ndiyo maana dakika za mwanzo za mvua, ambazo madereva wengi huzidharau, huwa na utelezi mkubwa.

Maji yanapozidi na tairi likawa limekwisha vijia, tairi hushindwa kuyasukuma pembeni. Gari huelea juu ya maji, usukani ukawa mwepesi na breki zisitii. Anayepatwa na hali hiyo aondoe mguu kwenye mafuta taratibu na kushika usukani imara, bila kukanyaga breki kwa ghafla.

Nchi zenye theluji zimelipima jambo hili kwa muda mrefu. Kwa mujibu wa kanuni za barabarani za Uingereza, gari dogo lililo katika mwendo wa kilomita 48 kwa saa huhitaji takriban mita 23 kusimama, barabara ikiwa kavu. Kanuni hizo humwelekeza dereva aongeze nafasi kati yake na gari la mbele angalau mara mbili barabara ikiwa na maji, na hadi mara kumi ikiwa na barafu. Sisi hatuna barafu barabarani, lakini mvua tunayo. Mara mbili ya mita 23 ni mita 46, yaani zaidi ya urefu wa Coaster sita zilizopangwa mstari mmoja. Daladala iliyojaa abiria na kulifuata lori kwa mita tano haina pa kusimamia.

Matairi

Baadhi ya magari yaliyotumika kutoka Japani huja na matairi ya theluji, ambayo mara nyingi huandikwa STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini ili ushike barafu. Kwenye lami yenye joto huisha haraka, na kwenye maji huteleza zaidi ya tairi la kawaida. Mmiliki ayabadilishe kabla gari halijaanza kazi. Aangalie pia tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Katika nchi nyingi, tairi lenye vijia vya kina chini ya milimita 1.6 haliruhusiwi barabarani.

Maji yanayokatiza barabara

Wakazi wa bonde la Mto Msimbazi wanajua jinsi maji yanavyopanda kwa muda mfupi. Barabara ya Morogoro imefungwa mara kadhaa pale Jangwani kwa sababu hiyo. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulielea gari dogo, na sentimita 60 huweza kuyachukua magari mengi. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika. Zaidi ya watu 30 walikufa. Aprili 2024, jijini Arusha, gari la wanafunzi lilisombwa na mafuriko na watoto wakapoteza maisha. Hakuna safari isiyoweza kusubiri maji yapungue.

Wajibu na haki ya abiria

Abiria amelipa nauli ili afike salama, na anayo haki ya kusema. Aseme mapema, kwa heshima na kwa sauti inayosikika: "Dereva, tafadhali punguza mwendo, barabara inateleza." Abiria wengine wakimuunga mkono, dereva hupata ugumu wa kupuuza. Dereva akitaka kuvuka maji yasiyojulikana kina chake, abiria aombe kushushwa mahali pakavu na salama. Asikubali kuning'inia mlangoni. Wa bodaboda avae kofia ngumu na kumwomba dereva aepuke michoro ya rangi na mifuniko ya chuma barabarani, ambayo huteleza sana ikilowa.

Onyo lisiposikika, abiria aandike namba ya usajili wa gari, njia, mahali, tarehe na saa, na ahifadhi tiketi. Kisha atoe taarifa kwa askari wa usalama barabarani au kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Lalamiko lisilo na namba ya gari ni vigumu kufuatiliwa. Asisubiri ajali itokee ndipo atoe taarifa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini dereva aliye chini ya kilomita 50 kwa saa anaweza kuwa mzembe?
2. Kwa nini dakika za mwanzo za mvua ni za hatari?
3. Taja mambo matano ambayo abiria anapaswa kuyaandika kabla ya kutoa taarifa.