Ukishuka Katakombe za Roma

Mahujaji wengi wa Afrika Mashariki hufika Roma na ratiba iliyobana: Basilika la Mtakatifu Petro, Colosseo, duka la rozari, kisha katakombe "tukipata nafasi". Nafasi hiyo haiji yenyewe. Zitengee nusu siku, na uanze na kalenda, kwani San Callisto hufungwa Jumatano, Domitilla Jumanne, nayo San Sebastiano ina ratiba yake. Tena baadhi hufungwa kwa wiki kadhaa majira ya baridi. Hakikisha kwenye tovuti yao kabla ya kupanga siku.

Chagua moja tu. Zote tatu ziko upande wa barabara ya kale ya Appia, nje ya kuta za mji, maana sheria ya Roma ilikataza kuzika ndani. Ukirundika mbili asubuhi moja utachoka bure. Chini kule korido zinafanana. Aliye kwenye hija aende San Callisto, walikozikwa mapapa kadhaa wa karne ya 3. Asiyependa msongamano ningemwelekeza Domitilla, yenye basilika zima chini ya ardhi. San Sebastiano ina ukuta ambao waumini wa kale waliukwaruzia maombi yao kwa Petro na Paulo, mwandiko wa haraka, ovyo ovyo, na kwangu huo unashinda michoro yote.

Huruhusiwi kushuka bila kiongozi. Uliza mapema kundi la Kiingereza au Kifaransa linaingia saa ngapi, na ukishaingia usibaki nyuma: korido za San Callisto zinafika kama kilomita 20.

Usitarajie mafuvu. Mabaki ya mashahidi wengi yalihamishwa zamani kwenda makanisa ya mjini. Utakachoona ni nafasi za makaburi zilizochongwa ukutani, moja juu ya nyingine kama vitanda vya melini, zilizokuwa zikizibwa kwa bamba la marumaru au vigae na chokaa. Nyingi ni fupi mno: za watoto.

Hata Julai, jua likichoma huko juu, chini ni nyuzi 15 hivi. Beba sweta, au kitenge cha kujitanda, kitakachokusitiri mabega pia. Vaa viatu visivyoteleza. Kuna ngazi nyingi, kwa hiyo mwenye magoti mabovu, pumu au hofu ya mahali finyu amwambie kiongozi kabla ya kushuka. Picha ni marufuku. Kikundi chenye padre kinaweza kuomba kuadhimisha Misa humo humo, ila kwa kuandika mapema.

Basi namba 118 hufika. Wakikwambia ni karibu, utembee tu kutoka Porta San Sebastiano, kataa: barabara ni nyembamba, haina njia ya miguu, na magari yanakimbia. Shukia kanisa la Domine Quo Vadis, upite njia ya ndani ya San Callisto yenye miti. Nayo Jumatano hufungwa.