Soksi Tatu si Dawa

Mwaka jana tulipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, bumu likiwa ndiyo kwanza limeingia. Usiku wa mwisho, pale Kibo Hut, mita 4,720, mwenzetu mmoja alivaa soksi tatu, moja juu ya nyingine, akausukuma mguu kwa nguvu ndani ya buti la kukodi. Kwenye pango la Hans Meyer akageuka. Pumzi alikuwa nayo, kichwa hakikumuuma. Vidole ndivyo vilivyokufa ganzi, hata hajui anakanyaga jiwe au changarawe.

Hatukumcheka, maana wengi wetu tungefanya vilevile.

Soksi haitengenezi joto. Joto linaletwa na damu. Soksi inalizuia lisitoroke, kwa ile hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Buti likibana, hewa inakamuliwa yote, mishipa midogo nayo inabanwa, na damu haifiki vidoleni. Ndiyo maana soksi moja nene ya sufu kwenye buti lenye nafasi inashinda tatu zilizoshindiliwa. Unapokodi, jaribu buti ukiwa na soksi zilezile utakazovaa, tena jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kutembea. Vidole visipocheza, rudisha. Kamba kaza kifundoni, mbele legeza.

Halafu kuna jasho. Pamba inalinyonya na kukaa nalo, na kitu kilicholowa hupoteza joto upesi. Tenga jozi moja kavu kwa usiku ule tu. Zile ulizotembea nazo kutoka Horombo vua ukifika, hata uwe umechoka vipi.

Hili watu hubisha: kofia na koti vinasaidia miguu. Kifua kikianza kupoa, mwili hupunguza damu ya mikononi na miguuni ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Chakula nacho ni kuni, kwa hiyo ule uji wa saa tano usiku unywe hata kama hauna hamu.

Ganzi ikianza, mwambie muongoza mapema, usione haya. Legeza kamba, chezesha vidole. Usisugue, ngozi iliyoganda huumia zaidi.

Mwenzetu anarudi likizo ijayo. Amepata buti la mtumba pale Karume, namba moja juu ya yake, na ameahidi kukata kucha, maana kwenye kushuka vidole hugonga mbele njia nzima.