Jua haki zako: Kabla pesa haijaruka

Barua imetoka Kailo. Imepandishwa pikipiki mpaka Kindu ndani ya mfuko wa plastiki, kwa ajili ya mvua. Watu kumi na mmoja wametia sahihi: wanunuzi wa kasiterite, wamama wawili wa mafuta ya mawese na mchele, fundi mmoja wa pikipiki. Wamechoka. Barabara inakula magari, garimoshi la kwenda Lubumbashi linakuja likipenda, na ndege ya kukodi inawatoza kwa kilo hadi faida yote inabaki hewani. Sasa mtu amewaonyesha picha kwenye simu: Cessna 206 ya okazyo, nyeupe yenye mstari wa kijani, imesimama Kenya. Bei dola 85,000. Watume 40,000 wiki hii, maana "kuna mteja mwingine wa Bunia". Swali lao ni moja: akitudanganya, sheria inatupa haki gani?

Inawapa nyingi, na nitazitaja. Lakini Papa Mwenyekiti, na ninyi wote mliotia sahihi, haki hizo zina nguvu wakati zile dola 40,000 bado ziko Kailo. Zikishavuka mpaka, mtatafuta mtu mmoja mwenye simu tatu katika nchi ambayo si yenu, kwa gharama ya avoka wawili, wa huku na wa huko.

Tuanze na mwenye mali. Ndege ina uraia kama mtu. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao nchi yetu, Kongo, ni mwanachama wake, unasema ndege ina utaifa wa nchi ilikoandikishwa, na haiwezi kuandikishwa kihalali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Utaifa huo unausoma ubavuni: 9Q au 9S ni Kongo, 5Y ni Kenya, 5X Uganda, 5H Tanzania, 9XR Rwanda. Nimetazama picha mliyonitumia. Imepigwa kwa mbele, pua na panga, ubavu hauonekani hata herufi moja. Hilo peke yake ni jibu la nusu.

Kwa hiyo karatasi ya kwanza kudai ni cheti cha uandikishaji, na mkiisha kukipata msikiamini. Andikeni wenyewe kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ile; kwa Kenya ni KCAA. Tumieni anwani mliyoitafuta ninyi, muiache ile aliyowapa muuzaji. Ulizeni mambo mawili: ndege hii iko kwa jina la nani, na kuna rehani au zuio lolote juu yake? Jina likiwa la mtu mwingine, muuzaji alete mamlaka ya maandishi kutoka kwa huyo mwenyewe, yenye muhuri wa notere. Baadaye, kabla AAC, mamlaka yetu ya anga, haijaiingiza ndege katika daftari la Kongo, itataka uthibitisho kwamba imefutwa katika daftari la zamani. Asiyeweza kuifuta kule hana cha kuwauzia huku.

Sheria yetu ya mikataba ni ya zamani, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na bado inafanya kazi. Inasema kuuza kitu cha mtu mwingine ni batili. Vizuri. Ila nimeona watu wakishika hukumu ya ubatili mkononi, na pesa yao imekwisha kujenga nyumba ya mtu.

Niwasimulie jambo. Miaka kadhaa iliyopita niliwasindikiza wafanyabiashara fulani kwenda kuangalia ndege ya namna hiyohiyo. Karibu na mlango wa rubani kuna bamba dogo la chuma lenye namba ya kiwandani. Namba ile haibadiliki hata ndege ikibadili nchi mara kumi. Kwenye bamba tarakimu mbili za mwisho zilikuwa 47, kwenye daftari la ndege 41. Muuzaji akasema mwandishi alikosea. Pengine kweli. Fundi tuliyekuja naye hakusema neno. Aliinama, akapitisha ukucha juu ya ribiti nne zilizoshika bamba. Tatu zilikuwa kuukuu zenye rangi juu yake, ya nne inang'aa kama sarafu. Tulishukuru kwa chai, tukaondoka.

Jambo la pili ni madeni, maana deni linapanda ndege bila tiketi. Agosti 2015 ndege ya Airbus A320 ya Congo Airways, shirika lililokuwa bado changa, ilishikwa Dublin kwa sababu ya madai ya kampuni ya madini ya Marekani dhidi ya serikali yetu. Ikiwa serikali nzima inaweza kushikiwa ndege ugenini, kikundi cha watu kumi na mmoja kitaponea wapi? Kwa ndege kubwa kidogo kuna mahali pa kuangalia. Mkataba wa Cape Town wa 2001 una daftari la kimataifa, na ofisi yake iko huko huko Dublin. Unahusu ndege zilizoidhinishwa kubeba watu wanane au zaidi, pamoja na wanaoirusha, au mzigo unaopita kilo 2,750, na injini za turbini zenye nguvu ya farasi 550 kwenda juu. Cessna Caravan inaingia humo, na injini yake inaandikwa peke yake. Yaani mnaweza kununua Caravan halali yenye injini ya mtu mwingine. Ile 206 yenu ni ndogo mno, haimo. Kwa hiyo kimya cha daftari la Dublin hakiwapi usalama wowote. Lazima mtafute katika nchi yenyewe, kwenye daftari la ndege na kwenye madaftari ya rehani.

Sasa hali ya ndege. Watu hutazama rangi na viti. Thamani imo ndani ya madaftari matatu: la mwili, la injini na la panga. Injini za Continental za 206 nyingi za zamani, mtengenezaji anashauri zifunguliwe na kukarabatiwa zote kila saa 1,700 au kila miaka 12, lolote litakalotangulia. Watu wanasahau hiyo miaka. Ndege iliyolala nyasini miaka minane ikiwa na saa 300 inauzwa kama "bado mpya", kumbe unyevu umekula ndani ambako hakuna anayechungulia. Na pale daftari linaporuka kutoka 2009 hadi 2016 bila mstari hata mmoja, hesabuni kwamba saa za katikati ziliruka bila kuandikwa. Lipeni fundi wenu mwenye leseni, asiyemjua muuzaji, aifungue. Gharama hiyo inauma. Ni ndogo kuliko injini.

Sheria inasemaje? Kuanzia kifungu cha 318 cha dekreti ile, muuzaji anabeba dhamana ya kasoro zilizofichika zinazofanya kitu kisifae kwa kazi yake, au ambazo mnunuzi angezijua asingekinunua, au angelipa pungufu. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kudai bei, au kubaki nacho na kudai apunguziwe. Muuzaji aliyejua kasoro akanyamaza anadaiwa na fidia juu yake. Lakini kuna mitego. Kasoro inayoonekana kwa macho haina dhamana: tairi lililopasuka mkaliona mkanyamaza ni lenu. Pia dai lazima lifunguliwe haraka, katika muda mfupi. Msikae msimu mzima mkibembelezana kwa simu. Na wauzaji wa ndege hupenda kuandika kwamba chombo kinauzwa "kama kilivyo, mahali kilipo". Mkitia sahihi chini ya sentensi hiyo mmejifungia mlango wenyewe, maana kifungu cha 33 kinasema mkataba uliofungwa kihalali ni sheria kwa waliofungana.

Msitegemee pia kwamba sheria za kimataifa zitajaza palipo wazi. Mkataba wa Vienna wa 1980 kuhusu uuzaji wa bidhaa kati ya nchi umeziweka ndege nje, kwa maneno yaliyo wazi. Basi mkataba wenu useme wenyewe: sheria ya nchi gani, tribunali ipi au wasuluhishi gani, na kwa lugha gani. Mkiandikiwa kwa Kiingereza, daini tafsiri ya Kifaransa na muandike ipi itashinda zikipingana.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu barua yenu inasema ndege itaandikwa "kwa jina la Mwenyekiti ili kurahisisha". Papa Mwenyekiti, sikutilii shaka wewe. Natilia shaka kifo. Siku ukituacha, ndege iliyo kwa jina lako ni mirathi yako. Watakuja watoto, watakuja wajomba, atakuja na yule wa Kisangani ambaye hamkumjua, na kila mmoja ataonyesha cheti cha uandikishaji chenye jina la marehemu. Wenzako kumi watakuwa na nini? Daftari la michango na kumbukumbu za mkutano. Andikisheni kwanza kikundi kama kooperative chini ya Sheria ya vyama vya ushirika ya 2010 ya OHADA, umoja wetu wa sheria za biashara, ili kiwe na utu wake wa kisheria, nacho ndicho kinunue. Katika kanuni zenu muandike hisa za kila mtu, nani anaruhusu safari, nani anashika pesa ya ukarabati, na anayetaka kutoka analipwa vipi. Wale wamama wawili, ambao naona wametoa zaidi ya robo ya pesa, majina yao yawe kwenye hisa, si ya waume zao.

Kuna jambo ambalo muuzaji hakuwaambia. Kumiliki ndege hakuwapi ruhusa ya kubeba watu na mizigo kwa malipo. Chini ya sheria ya usafiri wa anga, namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010, ndege lazima iwe na cheti cha kufaa kuruka, rubani awe na leseni inayokubalika, na anayesafirisha kwa biashara awe na leseni na cheti cha msafirishaji kutoka AAC. Cheti hicho ni cha kampuni yenye mafundi, vitabu vya kazi na wasimamizi, na hakikodishwi kama koti la harusi. Kinshasa inakumbuka. Tarehe 8 Januari 1996 Antonov 32 iliyozidiwa mzigo ilishindwa kupaa pale Ndolo, ikaingia sokoni Simbazikita, ikaua watu zaidi ya 200 waliokuwa wakiuza na kununua. Mahakamani ilijulikana kwamba ilikuwa ikiruka kwa makaratasi ya kampuni nyingine. Mtu akiwaambia "mtaruka chini ya karatasi zetu", fikirini kifungu cha 258 cha dekreti ile ya 1888: anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anailipa. Na bima haitawaokoa kwa safari isiyo halali. Tangu sheria ya bima ya 2015 kuondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, mna kampuni za kuchagua. Pelekeni ndege kwa mwenye bima kabla ya kununua, mumuulize kama ataikubali. Akikataa, mmejifunza bure.

Hesabu nayo ifanyike. Ile 206 ikijazwa mafuta inabaki na kilo mia chache tu, rubani akiwa ndani yake. Toeni rubani, mnapata magunia machache ya kasiterite. Na haili Jet A-1 ya ndege kubwa. Inakula petroli ya ndege, avgas, ambayo huku kwetu ni ghali na ya kutafuta.

Je, mkiwa mmeshatuma pesa? Basi harakisheni. Tunzeni kila ujumbe wa simu, kila risiti ya uhamisho, msifute sauti hata za matusi. Aliyejipa jina au sifa ya uongo, au aliyetumia hila ili apewe mali ya wengine, anaangukia kifungu cha 98 cha kanuni za adhabu: kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano, pamoja na faini. Malalamiko yanapelekwa parketi ya Kindu, na benki iandikiwe siku hiyohiyo izuie kama bado inaweza.

Bado hamjatuma, na hilo limenifurahisha kuliko yote katika barua yenu. Mjibuni huyo bwana hivi: pesa itakaa katika akaunti ya dhamana benki, itatoka kwa mafungu, fungu dogo fundi wetu akimaliza ukaguzi, fungu kubwa cheti cha kufutwa kikitoka, la mwisho ndege ikitua Kindu na madaftari yake matatu. Akisema mteja wa Bunia hawezi kusubiri, amuuzie.

Wakati huohuo, mkutano wenu wa Jumapili uzungumze jambo lisilo na fahari: kukodi kwa mkataba wa miezi sita, watu kumi na mmoja kwa pamoja, bei ya kilo imeandikwa, na fidia imeandikwa kwa kila gunia lililoachwa uwanjani. Leo kila mmoja wenu anabembeleza peke yake kwa nusu tani yake. Mkija na tani tano na nusu kwa pamoja, mwenye ndege ndiye atakayepanda pikipiki kuja Kailo.

Na nitumieni picha ya bamba la mlangoni. Apige fundi wenu, kwa simu yake, ribiti zote nne zionekane.