Disemba Isikumezee Mwaka: Namna ya Kuandika Orodha ya Ulivyovipenda

Ukiulizwa leo kwa kinyozi ni kipindi gani kilikukosha moyo mwaka huu, huenda ukataja ulichotazama wiki jana. Kumbukumbu ni kama kochi la sebuleni: aliyeketi mwisho ndiye anayeacha alama. Ile tamthilia iliyokunyima usingizi mwezi wa Machi imeshafukiwa na filamu za Krismasi. Ndiyo maana orodha ya kufunga mwaka inataka mbinu. Hizi zinafaa mitaa yetu ya Eastlands jijini Nairobi, ambako runinga moja hutazamwa na nyumba tatu na ukuta wa ploti haufichi kicheko cha jirani.

1. Tafuta ushahidi kwanza

Anza na simu. YouTube huhifadhi majina ya ulivyotazama, WhatsApp ina klipu ulizowatumia watu, na ujumbe wa M-Pesa utakukumbusha mwezi uliolipia king'amuzi na mwezi uliokiacha kikazima. Kisha chomeka flashi. Nafasi ni ndogo mle, kwa hiyo muvi ambayo hujaifuta tangu ulipoinunua dukani ina siri yake. Pitia mwezi mmoja mmoja, Januari hadi Novemba, uandike majina yote nyuma ya daftari bila kuchagua. Disemba iandike mwisho. Haina haja ya kutetewa.

2. Pima kwa mdomo

Usijiulize kama kilikuwa kizuri. Jiulize ulimsimulia nani. Kwenye filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, kijana Mwas anauza diski za filamu kijijini, na mbinu yake ya kuvuta wateja ni kuziigiza mbele yao. Hicho ndicho kipimo. Kipindi kilichokusimamisha jikoni, mwiko mkononi, ukiiga sauti ya mhusika, kimejipatia nafasi. Kilichosifiwa na kila mtu lakini huwezi kukisimulia kwa dakika mbili, kiache kipite. Ukibabaika kati ya viwili, chukua kile ambacho jina la mhusika wake linakujia bila kuuliza simu.

3. Buni makundi yako

Makundi ya tuzo, kama muigizaji bora na tamthilia bora, yaachie majaji wenye suti. Yako yafuate maisha yako: kilichokusanya ploti nzima, nilichotazama peke yangu kwa sauti ya chini, kilichonimalizia bando, wimbo wa kwenye nganya, ile matatu yenye michoro.

Hili la mwisho lisidharauliwe. Wewe ulichagua nganya kwa michoro yake, makanga akachagua muziki, na foleni ya Jogoo Road ikaamua utausikiliza mara ngapi. Wimbo uliokukera Jumatatu, na kufikia wiki ya tatu unaungoja uanze, umeshinda katika mazingira magumu. Upe nafasi.

4. Cha zamani kihesabiwe mwaka uliokikuta

Orodha ni ya mwaka wako, si ya mwaka ambao kipindi kilitengenezwa. Mtoto wa Gredi ya 7 aliyemkuta Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi kwa mara ya kwanza mwaka huu ana haki ya kumweka nambari moja, ingawa Benson Wanjau aliyemwigiza alifariki mwaka 2015. Vivyo hivyo kwa aliyerudia Papa Shirandula, yule soja wa geti aliyeigizwa na Charles Bukeko hadi kifo chake mwaka 2020. Andika mwezi uliokiona, na kama ulirudia kwa sababu umemkumbuka marehemu, sema hivyo waziwazi. Hiyo ni sababu kamili.

Hapo kuna fumbo moja: filamu ya Kihindi au ya kung fu iliyosimuliwa na DJ Afro. Uliyoipenda ni filamu au ni msimulizi? Itazame dakika kumi bila sauti ya msimulizi. Ikipoa, andika jina la DJ Afro, na filamu ifuate nyuma. Steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi, lakini mara nyingine steringi ni yule asiyeonekana kwenye skrini.

5. Mtaa upewe kiti

Vijana wa kundi la Kalamashaka walitoka Dandora wakirap kwa Kiswahili tangu miaka ya 1990. Muziki wa Genge ulikulia studio ya Calif Records, mtaa wa California. Mwaka 2018 vijana wa Ethic kutoka Umoja walitoa wimbo wa Lamba Lolo, na mji mzima ukafuata. Wote walianza wakisikilizwa na majirani kabla ya kusikilizwa na wengine. Basi acha nafasi moja kwa kitu kilichotengenezwa karibu nawe: klipu ya mchekeshaji wa mtaani, onyesho la kwenye ukumbi wa jamii, igizo la vijana wa kanisani. Lakini usikionee huruma. Kipime kwa mdomo kama vingine, na kikishindwa, acha mstari huo mtupu. Mstari mtupu utakutuma utembee zaidi mwaka ujao.

6. Punguza hadi saba, kisha toa sababu

Kumi ni nyingi. Tatu za mwisho huwa za kujazia. Kwa kila kimoja andika sentensi moja yenye mahali na watu. "Kipindi kizuri, waigizaji hodari" haisemi kitu. Jaribu hivi: "Stima ilirudi saa nne usiku, mama mboga akachungulia mlangoni asiondoke, tukacheka hadi mtoto akaamka." Msomaji hajaambiwa kipindi kilihusu nini, lakini anataka kukiona.

Chini kabisa ongeza kimoja kilichokuvunja moyo, pamoja na sehemu uliyokatia tamaa. Ni kinga: mwaka ujao utakipata kwa bei rahisi na utashawishika.

7. Isome mbele ya wapinzani

Usiku wa tarehe 31, kabla walioenda ushago hawajarudi na kelele zao, wasomee waliobaki. Watakubishia. Watakukumbusha kipindi cha Mei ulichokisahau, ilhali wewe mwenyewe ndiye uliyewapigia kelele wanyamaze. Kiongeze, lakini toa kingine. Saba ni saba.

Daftari lihifadhi panapokaa risiti za kodi. Mwaka ujao, kabla ya kuandika mapya, soma ya zamani na ukate kila jina usiloweza kulisimulia tena. Usishtuke ukikata manne. Yale matatu yaliyobaki yameshinda Disemba mbili, na hayo hutahitaji kuyatafuta kwenye simu.