Hereni zinawasha masikio ya wateja? Uliza kijiti ni cha chuma gani

Wauzaji wenzangu wa Bukoba na Muleba,

Mwaka jana nilimtumia mteja wa Muleba hereni za kuchovya dhahabu, nikazituma kwa basi. Siku ya nne akanirushia picha WhatsApp: ndewe zimevimba, zinatoa maji. "Dada, si ulisema hazina shida?" Nikamrudishia hela yake yote. Ukweli, hata mimi sikujua zimetengenezwa kwa nini.

Kinachowasha mara nyingi ni nikeli. Ndiyo, kama ile ya Kabanga, Ngara, mkoani kwetu hapahapa. Kwenye mapambo ya bei rahisi huchanganywa au hupakwa chini ya rangi ya dhahabu ili kitu king'ae. Rangi ikichubuka, jasho linaifikisha kwenye ngozi. Na mwili ukishaikataa, huwa umeikataa moja kwa moja, kwa hiyo usimwambie mteja "utazoea". Umoja wa Ulaya una sheria ya nikeli, na kitu kinachopita kwenye tundu la sikio kimebanwa zaidi kuliko saa au bangili.

Sasa ukiagiza mzigo Kariakoo usiulize "ni original?" Kila mtu atasema ndiyo. Uliza kijiti kinachoingia sikioni ni cha chuma gani. Titani ndiyo salama zaidi, ila bei imechangamka. Stenlesi ya 316L ina nikeli ndani, zaidi ya asilimia 10, lakini imeshikwa, haitoki kirahisi. Wengi wanaivaa bila tabu. Fedha ya 925 ni fedha asilimia 92.5, inayobaki kwa kawaida ni shaba. Dhahabu nyeupe uliza vizuri, nyingine ina nikeli.

Sumaku isikudanganye. Hereni inaweza isinate na bado nikeli imo.

Bangili ya shaba ikiacha ukijani mkononi, huo si mzio. Ananawa, unatoka.

Kwenye tangazo acha kuandika "haina aleji". Andika chuma chenyewe. Kama hujui, andika "mchanganyiko, wenye mzio msinunue". Utapoteza oda mbili tatu, sawa.

Na kabla hujapokea hela, muulize mteja: kifungo cha jinzi huwa kinakuwasha tumboni? Akisema ndiyo, mpe titani, au mwambie huna ya kwake.